Waifai ya mama mwenye nyumba, PlayStation ya Kariakoo na mimi katikati

Msomaji wangu, mtu mzima na ndevu zako ukionekana umekaa chini kwenye mkeka, umeshika pedi ya gemu, unaitolea TV macho kama mjusi aliyebanwa na mlango, watu hawakosi la kusema. Majirani zangu wa Tabata walisema sana. Wengine walidai nimechanganyikiwa, wengine wakadai nimekosa mke ndiyo maana nimerudia utoto. Sikuwajibu, kwa sababu ningeanzia wapi? Leo acha nianze.

Nina kijana wangu, tumwite Junior, ambaye mwaka 2023 alikuwa na miaka 11. Anaishi Mwanza na mama yake. Mimi na huyo mama tulishaachana, kila mtu akashika hamsini zake, na habari za nani alimkosea nani tuziweke kando, siyo za leo. Kutoka Dar mpaka Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,000, kwa hiyo ubaba wangu ulikuwa wa kwenye simu. Na simu na mtoto wa kiume wa umri ule, wee acha tu! Kila Jumapili mazungumzo yalikuwa ni yale yale:

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo."

"Shule vipi?"

"Nzuri."

"Umekula?"

"Ndiyo."

Kimya. Nasikia TV ya kwao inaongea yenyewe kule nyuma. "Haya, mpe mama simu." Dakika moja na nusu, mchezo umekwisha. Nakata simu najisikia kama mtu aliyekwenda msibani akakuta wameshazika.

Basi Jumapili moja, baada ya "ndiyo" ya chakula, mtoto akaongeza maneno. "Baba, Anko ameninunulia PS4." Moyo ukafanya paa! Anko ndiye huyo bwana anayeishi na mama yake. Nikajikaza kiume, nikasema safi sana mwanangu. Akaendelea: "Na wewe ungekuwa nayo tungekuwa tunacheza wote. Darasani kuna wenzangu wanacheza na ndugu zao wa mbali, wanavaa hedifoni wanaongea kabisa."

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kuniambia kwa mwaka mzima. Sasa hapo mimi, ambaye Pasaka nilimwahidi nitakwenda sikwenda, na kabla ya Pasaka nilimwahidi baiskeli mpaka leo haijafika, nikajikuta nimeropoka: "Jumamosi hii, saa mbili usiku, utanikuta hewani."

Jumatano nikaingia Kariakoo. PlayStation 4 mpya sikuwa na ubavu nayo, nikatafuta iliyotumika. Nikapata moja, lile umbo la kwanza kabisa lililotoka mwaka 2013, pana, limekatwa mshazari kama kipande cha keki. Muuzaji akaiwasha pale dukani, ikawaka. Pedi mbili, moja kati yake raba zimelika kwa vidole vya watu. Nikatoa laki tano na ushee, nikaibeba kwenye mfuko mweusi, na kwenye daladala niliipakata kama mtoto mchanga.

Kuhusu intaneti sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Nyumba tunayopanga ina waifai ya mama mwenye nyumba. Yeye anakaa nyumba kubwa ya mbele, sisi wapangaji tuko vyumba vya uani, na kila mwezi tunamchangia elfu kumi kumi. Simu yangu inaishika vizuri tu, miraba inapungua nikiwa kitandani lakini picha zinatembea.

Jumamosi saa moja na nusu usiku nimeshaoga, nimeshakula, niko kwenye mkeka. Nikawasha. Nikaenda kwenye mipangilio, nikaingia kwenye mtandao, nikachagua waifai. Ikatafuta. Ikaniletea orodha: waifai ya duka la dawa, ya jirani wa kulia, ya jirani wa nyuma aliyeiita jina la timu yake, na ya saluni. Ya mama mwenye nyumba haipo!

Nikatafuta tena, haipo. Nikazima nikawasha, haipo. Nikaishika simu yangu, nikaangalia: ipo, hii hapa, na inafanya kazi. Nikasema sawa, kumbe hujanijua, nikawasha hotspoti ya simu yangu mwenyewe, nikaiweka simu juu ya PlayStation kabisa, kama mtu anayemwekea mgonjwa kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Simu iko juu yake, na bado haiioni! Inaiona ya saluni iliyo ng'ambo ya barabara, hii iliyoilalia kichwani haiioni.

Saa mbili na robo meseji ikaingia kutoka namba ya mama yake. "Baba uko wapi? Junior." Nikajibu umeme umekatika. Ndiyo, nilimdanganya mtoto, na TANESCO usiku huo hawakuwa na kosa lolote.

Jumatatu nikarudi Kariakoo nimevimba. Mfuko mweusi nikaubwaga mezani, nikamwambia muuzaji ameniuzia kimeo, hii kitu masikio yake yamekufa, nataka hela yangu. Wateja wakageuka. Yule bwana wala hakubishana. Akachomeka waya, akawasha hotspoti ya simu yake, mchina fulani wa bei poa, akaandika pasiwedi. Sekunde kumi, imeunganishwa! Akanitazama. Wateja wakanitazama. Nikaishiwa pozi, nikaifunga PlayStation yangu kwenye mfuko wake, nikaondoka bila kuaga.

Nyumbani nikajaribu tena. Haipo.

Sasa mtaani kwetu kuna banda la gemu, lile la TV tano na mabenchi, watoto wanalipia kwa mechi. Kijana anayelisimamia ni wa miaka kama 19, muda wote kofia nyuma mbele. Kwa kawaida mimi nikipita pale huwa nawafokea wanaokaa humo na yunifomu za shule. Siku hiyo nikaingia nikiwa mnyenyekevu kama muumini. Nikamweleza.

Hakuangalia hata mashine. Akaniuliza: "Bro, ni ile pana ya kwanza? Igeuze chini, namba zinaanzaje?" Nikamwambia CUH, halafu 11. Akacheka. "Hiyo inasikia mbili nukta nne tu. Tano haisikii. Waifai ya kwenu itakuwa ya tano, na simu yako hivyo hivyo."

Nikabaki nimeduwaa. Akanieleza taratibu, mechi za watu zikimsubiri. Waifai za majumbani nyingi zinarushwa kwa masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ile ya 5 ina mbio, lakini ukuta unaisumbua. Ya 2.4 ni ya polepole, ila inakwenda mbali na inapenya. Matoleo ya PlayStation 4 yaliyoanza mwaka 2016, ile nyembamba na ile iitwayo Pro, yanasikia yote mawili. Haya ya kwanza yametengenezwa kwa 2.4 peke yake. Ruta ikirusha 5 tupu, kwa mashine hiyo ni sawa na ruta iliyozimwa.

Msomaji wangu, hapo nikamkumbuka marehemu mzee wangu. Miaka ya 1990 nyumbani tulikuwa na redio ya kubebea begani, ina masafa ya kati na mafupi. Zilipoanza kuja stesheni za FM hapa Dar, nyumba za jirani zote zikawa zinadunda muziki, yetu kimya. Mzee akaipiga makofi kichwani. Akabadili betri. Zile za zamani tukazianika juani zipate nguvu. Akavuta antena mpaka ikakatika. Alihangaika na ile redio karibu mwezi mzima, hakuna aliyemwambia kwamba FM haimo, na kwamba hata aipandishe juu ya mnazi haitakuwemo. Redio ilikuwa nzima kabisa. Nami nilikuwa naelekea huko huko kwa mzee, kasoro antena.

Yule dogo akaichukua simu yangu, akaingia kwenye sehemu ya hotspoti, akagusa mahali panaposema iruhusu vifaa vingi zaidi, akanirudishia. "Sasa inarusha 2.4. Ila bando litakuua, kamwambie mwenye ruta awashe zote mbili."

Mwenye ruta! Kwa mama mwenye nyumba huingii hivi hivi. Nilikuwa na deni la maji la wiki mbili, nikalilipa kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Maji umelipa, sasa unataka nini?"

Nikajieleza. Kusikia neno gemu akakunja uso. "Baba mzima! Hilo gemu si litakula intaneti yote? Halafu mimi tamthilia zangu nitazame wapi, ukutani?"

Nikampa somo nililopewa bandani, nikalitoa kama mtaalamu. Nikamwambia mama, kinachokula intaneti ni kulishusha gemu lenyewe, maana yapo yanayozidi GB 50, na hilo nitalishusha usiku wa manane wewe umelala. Ukishakuwa nalo, kucheza na mtu wa mbali kunatumia kidogo, makumi ya MB kwa saa, tamthilia yako inakula zaidi kwa mbali. Mchezo unatuma habari za vidole tu, nani kabonyeza nini. Picha zinatengenezwa na mashine yenyewe hapa hapa.

Akanitazama kwa muda. "Na huyo wa mbali ni nani?"

"Ni mwanangu mama. Yuko Mwanza."

Akanyamaza. Halafu akamwita mwanaye wa chuo aliyekuwa likizo. Kumbe ndiye aliyefanya mambo! Alinunua ruta mpya, akaichomeka kwenye boksi la kampuni ya intaneti, na ile 2.4 akaizima kwa sababu, nanukuu, "ni slo na mtaa mzima umejazana humo." Hakukosea sana. Masafa hayo yana msongamano kweli. Waifai za majirani zimo, Bluetooth imo, hata oveni ya maikrowevu inapochemsha chakula inapiga kelele humo humo. Lakini si ndiyo peke yake inayopenya mpaka kwetu uani? Akafungua ukurasa wa ruta kwenye simu yake, akaiwasha. Ruta yenyewe nilikuta wameifungia kwenye kabati la vioo nyuma ya TV, nikaomba ipandishwe juu ya kabati. Ikapandishwa.

Ikabaki pasiwedi. Mama mwenye nyumba akanitajia mwenyewe, kwa sauti ya chini. Lilikuwa jina la marehemu mumewe na mwaka waliofunga ndoa. Nikaliandika kwenye kiganja, nikajifanya sijaelewa ni nini.

Usiku huo nikaingiza herufi moja moja kwa pedi, zoezi la kutia hasira, kwa sababu herufi kubwa na ndogo kwenye pasiwedi siyo ndugu. Mara ya kwanza ikanigomea, ikanitupia namba NW-31297-2, ambayo kwa lugha yetu maana yake umekosea pasiwedi. Mara ya pili ikakubali. Niliruka pale kwenye mkeka nikagonga kichwa kwenye feni ya mezani. Baada ya hapo ikadai programu mpya ya mfumo kabla ya kuniingiza kwenye mtandao wake, nikaiachia ishushe. Nikashusha na eFootball, gemu la mpira la Konami ambalo ni la bure na halikudai malipo ya mwezi ili kucheza na mtu wa mbali. Nililala saa tisa, nimeridhika kama bwana harusi.

Jumamosi ya pili, saa mbili kasorobo, jina la Junior hili hapa, yuko hewani! Nilishamwongeza kuwa rafiki, amekubali. Nikachomeka visikilizio vya simu kwenye tundu la pedi, vinaingia vizuri tu, nikamwalika tuongee.

Hakuja. Nikamwalika tena. Meseji ya mama yake ikaingia: "Baba nimekuona ila inakataa." Nikapima muunganisho. Intaneti, sawa. Kuingia, sawa. Aina ya NAT: 3. Chini yake onyo kwamba huenda nikashindwa kuwasiliana na wengine. NAT ni mdudu gani tena?

Nikapiga simu kwa yule mwana chuo, kazima. Jumamosi usiku, kijana, unategemea nini? Nikaenda bandani mbio na kandambili, dogo ana foleni ya watu, anasema bro hiyo mpaka niione. Nikarudi mbio. Saa tatu kasoro dakika kumi Junior akapiga simu mwenyewe. Nilidhani atalia. Angelia ingekuwa nafuu.

"Basi baba," akasema. "Siyo lazima."

Kwa upole kabisa. Kama mtu mzima anayemwondolea mdeni wake aibu. Mtoto wa miaka 11 alishajifunza namna ya kuniacha niende zangu bila kunilaumu, na hilo alijifunza kwangu, siyo shuleni. Sikulala usiku ule.

Asubuhi dogo wa bandani alikuja mpaka kwangu kwa miguu yake. Soda moja tu, hakutaka zaidi. Nitawaeleza alichonieleza kwa mfano wa posta, kwa sababu ndivyo nilivyoelewa. Si unakumbuka ukoo mzima ulikuwa unatumia Sanduku la Posta moja, la babu mwalimu? Barua ikija, babu anaangalia ni ya nani, anaigawa. Ruta ndiyo huyo babu. Kwa nje nyumba nzima ina anwani moja, ndani ruta inagawa. Ukiandika wewe barua ukajibiwa, babu anajua ni jibu lako, anakupa. Lakini barua ikitokea ghafla kwa mtu asiyemjua, anaitupa. Kwa kurasa za kawaida hakuna shida, maana wewe ndiye unayeanza kuandika. Gemu na maongezi yake ni tofauti, mashine mbili zinataka kuandikiana moja kwa moja. Na pale kwetu walikuwepo mababu wawili: boksi la kampuni linagawa, na ruta ya mwana chuo nayo imechomekwa nyuma yake inagawa upya. Barua ya Mwanza ikimpita wa kwanza, inafia kwa wa pili.

Mwana chuo alipoamka saa saba mchana akaigeuza ruta yake iwe ya kurusha waifai tu, isigawe chochote, halafu kwenye boksi la kampuni akawasha kitu kinaitwa UPnP, kinachoiruhusu mashine ijiombee mlango wenyewe. Tukapima. NAT: 2. Dogo akakimbia bandani, akanialika kutoka kule, na sauti yake ikanijia masikioni safi kabisa, pamoja na kelele za watoto wanaobishana nani kala foul.

Nikampigia Junior hapo hapo, jaribu sasa. Akajaribu. Ikakataa!

Dogo akaniambia nimwulize mtoto kilichoandikwa. Junior akasoma kwa shida, Kiingereza cha darasa la tano, lakini nikashika maneno mawili, "parental control". Dogo akavua kofia, mara ya kwanza namwona kichwa. "Bro, hapa kwako kumekwisha. Akaunti ya dogo ni ya mtoto. Imefungwa kuongea na watu. Anayefungua ni mkubwa aliyeisajili."

Aliyeisajili ni nani? Unamjua.

Msomaji, ningeweza kumpitia mama yake. Nilifikiria hilo Jumapili nzima na Jumatatu nzima. Nilimaindi sana, nisiwadanganye. Nikawa najiambia huyu bwana ni nani anifungie mwanangu asiongee na mimi? Lakini usiku nikaanza kuisoma hiyo habari vizuri. Kumbe kufungwa siyo kwa ajili yangu. Hizo gemu zina watu wa dunia nzima, wakubwa kwa wadogo, na mtu asiyejulikana anaweza kumpata mtoto masikioni akamwambia lolote. Kwa hiyo mtoto akisajiliwa kama mtoto, kwa umri wake wa kweli, kuna mtu anashika ufunguo. Wazee wengi wanaona usumbufu, wanamsajili mtoto kama ana miaka 30, mambo yanakwisha. Huyu bwana alikaa akaandika umri wa kweli, akafunga. Na mimi baba mtu, ningekuwa ndiye niliyeisajili, nisingefunga, kwa sababu nisingejua kama kuna cha kufunga.

Jumanne jioni nikapiga moyo konde, nikaomba namba, nikapiga.

"Haloo, habari za saa hizi."

"Nzuri, nani mwenzangu?"

"Naitwa... mimi ni baba yake Junior."

Kimya kidogo. Nikajiandaa kwa lolote.

"Ahaa, Baba Junior! Shikamoo kaka."

Jamani. Nilikuwa na hotuba yangu imepangwa, ina kifungu cha kwanza mpaka cha nne, ikapeperuka yote. "Marahaba" ikatoka yenyewe.

Nikamweleza. Nikataja ruta, nikataja NAT, nikataja mpaka mama mwenye nyumba, nilikuwa naweweseka. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Samahani sana kaka, nilifunga kwa sababu sikumjua atakayekuwa anaongea naye. Kumbe hizo Jumamosi mbili alikuwa anakusubiri wewe? Alikaa na hedifoni mpaka akasinzia." Halafu akaniambia tatizo lingine, kwamba akifungua, inafunguka kwa wote, siyo kwangu peke yangu. Tukalijadili hilo, mimi na yeye, kama robo saa nzima. Tukakubaliana afungue Jumamosi saa mbili, afunge saa tatu, na orodha ya marafiki wa Junior aipitie kwanza. Wakati wa kuaga akanitaka radhi tena. Nikamwambia usijali, nikataka kuongeza neno la asante, likanikwama, nikasema "haya, usiku mwema", na ilikuwa saa kumi na mbili jioni.

Jumamosi ya tatu mvua ilikuwa kubwa. Saa mbili na dakika nne, masikioni pakakwaruza.

"Haloo? Baba?"

"Nipo."

"Baba nakusikia! Hiyo nini inalia?"

"Mvua, iko juu ya bati."

"Huku hakuna. Chagua timu."

Akanifunga la kwanza kabla sijajua kitufe cha kupiga pasi. Na mdomo wake, sijui aliufungia wapi miaka yote ile. Mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa kwenye mpira, mtoto haulizwi kitu, anamwaga mwenyewe. Akaniambia mwalimu wa hesabu amehama. Akaniambia ametoka jino la nyuma na amelificha. Akanifunga la pili. Akaniambia kuna mwenzake anamwita jina baya kwa sababu ya masikio yake, halafu akauliza, "Baba, na wewe ulivyokuwa mdogo masikio yako yalikuwa makubwa?" Nikamwambia yalikuwa makubwa kuliko yake, walikuwa wananiita Sahani. Alicheka mpaka akaacha pedi, nikapata goli langu la pekee.

"Hilo halihesabiki, nilikuwa nacheka!"

"Linahesabika."

Mara moja sauti ikakatika, nadhani mama mwenye nyumba alikuwa anapasha chakula, ikarudi. Ikafika 6-1. Saa tatu kamili nikasikia sauti ya mwanamume kwa mbali ikisema Junior, muda, muage baba.

"Baba, wiki ijayo uingie mapema kidogo. Nikufundishe kukaba, hujui kabisa kukaba."

"Saa mbili kasorobo nitakuwepo."

"Umeme usikatike."

"Hautakatika."

Jina lake likabaki pale kwenye TV kidogo, halafu likazimika. Nikavua visikilizio. Mvua bado ilikuwa inapiga bati, na dirishani mama mwenye nyumba alikuwa ameinua mwavuli, kasimama uani na kanga yake, anataka kujua kama tumeshinda.